Kuongeza makazi ya pili ya kupangisha kwenye nyumba ya safu ya strata, British Columbia

Tangu tarehe 24 Novemba 2022, strata za British Columbia, Kanada, yaani umoja wa wamiliki wa nyumba za mradi mmoja, kila mmoja na yuniti yake na wote wakiwa na mali ya pamoja, haziruhusiwi tena kumkataza mmiliki kupangisha nyumba yake kwa muda mrefu. Habari hiyo ilienea haraka na kuzaa kosa moja la gharama kubwa: mtu anasikia kwamba strata haiwezi kumzuia kupangisha, anaelewa kwamba haiwezi kumzuia kujenga jiko la pili na mlango wa pembeni. Kupangisha ni jambo moja, kujenga ni jingine. Yuniti yako unaweza kumpangisha umtakaye, na strata haina ruhusa ya kumchuja mpangaji wala kudai imkubali kwanza. Lakini kuigawa yuniti ili ndani yake kuwe na makazi mawili kunahitaji ruhusa ya strata na ya manispaa, na kila mmoja anaweza kukataa hata kama mwenzake amekubali.

Kwa hiyo cha kupanga vizuri ni mfuatano wa maswali. Anza na yale ambayo jibu lake ni bure au la dola chache. Mchoraji na fundi waje baadaye.

Jengo lenyewe linafaa?

Kanuni za ujenzi za jimbo zilibadilika tarehe 12 Desemba 2019. Kabla ya hapo makazi ya pili yaliruhusiwa ndani ya nyumba ya kujitegemea tu, tena yasizidi mita za mraba 90 wala asilimia 40 ya nyumba. Sasa kanuni za jimbo zimeondoa ukomo huo wa ukubwa (manispaa inaweza kuwa na wake), na nyumba za safu, zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta, zimeingia. Sharti lake ni hili: kati yako na jirani kuwe na ukuta wima unaohimili moto kwa saa 1, unaoanzia ardhini au sehemu ya chini kabisa ya jengo na kupita ngazi zote bila kukatika, pamoja na nafasi ya juu ya dari. Ndani ya mipaka hiyo kuwe na makazi mawili tu, na yote mawili yabaki kwenye hati moja. Maana yake, makazi ya pili hutaweza kuyauza peke yake.

Toka nje uitazame nyumba. Kama kuna nyumba ya mtu mwingine juu yako au chini yako, yaani safu zimepandishwa moja juu ya nyingine, umefika mwisho wa njia hii. Kama yuniti zote zimekaa juu ya maegesho ya pamoja ya chini ya ardhi, ukuta wako unasimama juu ya zege linalofunika maegesho ya watu wote. Hapo usijitafsirie kanuni. Peleka swali kwa maandishi kwenye idara ya majengo ya manispaa kabla hujalipia mchoro.

Karatasi za kusoma

Muombe meneja wa strata kwa maandishi. Kanuni za strata anatakiwa akupe ndani ya wiki 1, kumbukumbu nyingine ndani ya wiki 2, na nakala hazizidi senti 25 kwa ukurasa. Ramani ya strata na jedwali la mafungu ya umiliki vichukue kwenye ofisi ya hati za ardhi, na huko huko chukua kanuni zilizosajiliwa. Usitegemee faili ambalo meneja amelituma kwa barua pepe. Kanuni iliyopitishwa mkutanoni haina nguvu mpaka isajiliwe, na mafaili ya mameneja mara nyingi yamechanganya zilizosajiliwa na ambazo hazikuwahi kufika huko.

Unapozisoma, tafuta maneno haya: jiko, familia moja, idadi ya wakazi, gereji, maegesho, umri. Strata inayokataza jiko la pili au kugawa yuniti haijavunja sheria ya 2022, maana haijakataza kupangisha. Ikiwa ni ya watu wa miaka 55 na kuendelea, mpangaji wako naye anabanwa na kanuni hiyo, isipokuwa awe kwenye kundi lililosamehewa, kama mhudumu anayekaa na mgonjwa.

Strata ambayo haikujiandikia kanuni zake inatumia Kanuni za Kawaida zilizoambatanishwa na Sheria ya Mali ya Strata. Ya 5 ndiyo inayowashangaza wengi. Inataka ruhusa ya maandishi kabla hujagusa muundo wa jengo, sura ya nje, ngazi, milango na madirisha yanayotazama nje, mali ya pamoja iliyomo ndani ya yuniti, na pia sehemu yoyote ambayo strata inatakiwa kuiwekea bima. Hiyo ya mwisho inabeba karibu kila kitu alichokifunga mjenzi wa kwanza. Kwa hiyo hoja ya "ni ndani kwangu, haiwahusu" haina miguu.

Mabomba nayo yana mtego. Bomba au waya uliomo ndani ya yuniti yako lakini unaoweza na uliokusudiwa kuhudumia yuniti nyingine ni mali ya pamoja. Ukiunganisha sinki la jiko jipya kwenye bomba la maji machafu linalopita kwako kuelekea kwa jirani, umegusa mali ya pamoja, na hapo inaingia Kanuni ya 6, inayotaka ruhusa ya maandishi kabla ya kubadilisha mali ya pamoja.

Gereji, mahali mipango mingi inapofia

Katika nyumba za safu, nafasi inayotamaniwa ni ileile: gereji ndefu ya magari mawili yanayopangwa moja nyuma ya jingine, au stoo ya ngazi ya chini. Chukua ramani ya strata, tafuta ukurasa wa ngazi ya chini, uone sehemu hiyo imeandikwa nini. Ikiandikwa gereji, kuna mambo matatu yanayokungoja.

La kwanza ni matumizi. Kanuni ya Kawaida ya 3 inakataza kutumia yuniti kinyume na kusudi linaloonekana kwenye ramani. Chumba cha kulala ndani ya eneo lililochorwa kama gereji ni ugomvi uliokwishaandikwa.

La pili ni fungu la umiliki, ile namba inayoamua unalipa kiasi gani kwenye ada za strata. Kwenye majengo mengi mafungu yaligawiwa kwa ukubwa wa eneo la kuishi, na kisheria gereji, baraza, maegesho na stoo havihesabiwi humo. Ukiigeuza gereji kuwa sebule, umeongeza eneo lako la kuishi. Ongezeko dogo husamehewa kwa kiwango kilichowekwa kwenye kanuni za serikali. Likivuka hapo, kifungu cha 70 cha sheria kinakutaka uombe jedwali la mafungu lirekebishwe, na marekebisho hayo yanataka kura ya wamiliki wote bila hata mmoja kupinga. Kwenye jengo la yuniti 40 hiyo ni kura ambayo mtu mwenye busara haitegemei. Ndiyo maana ushauri wetu ni kupanga makazi ya pili ndani ya eneo ambalo tayari ni la kuishi: chumba cha ngazi ya chini chenye bafu lake, ambacho mjenzi alikiacha kama chumba cha wageni au ofisi. Kitakuwa kidogo kuliko gereji, lakini kinajengeka.

La tatu ni la manispaa. Maegesho yaliyomo kwenye kibali cha awali cha mradi huwa ni idadi ya lazima. Ukiyafuta ya kwako, mradi mzima unapungukiwa, na manispaa inakataa hata kama strata yote imekubali.

Kuomba ruhusa ya strata

Barua ya sentensi mbili kwenda kwa kamati inayoendesha strata huzaa jibu la sentensi moja. Peleka pakiti: mchoro wa ngazi inayoguswa kabla na baada, wenye vipimo, mchoro wa mabomba na umeme unaoonyesha kila mahali kazi inapokutana na mali ya pamoja, picha ya upande wa nje ikionyesha mlango au dirisha litakavyoonekana, jina la mkandarasi na uthibitisho wa bima yake, muda wa kazi na saa za kelele, na maelezo ya gari la mpangaji litakaa wapi. Hilo la gari liandike hata kama huulizwi. Majirani hawaogopi jiko, wanaogopa kukosa pa kuegesha wageni wao.

Kwa mambo ya ndani yanayoangukia Kanuni ya 5, kamati haitakiwi kukunyima ruhusa bila sababu ya maana, lakini inaweza kukutaka utie saini kwamba gharama zote zitakazotokana na mabadiliko hayo ni zako. Isome hati hiyo kwa makini. Dai iseme gharama za kazi hii, usikubali maneno yanayokubebesha ukarabati wa ukuta mzima wa nje milele. Makubaliano hayo yatatajwa kwenye Fomu B, hati ya taarifa za yuniti inayotolewa na strata, utakapouza, kwa hiyo mnunuzi atayaona.

Kwa mambo ya nje, kamati peke yake haitoshi kila wakati. Badiliko kubwa la matumizi au sura ya mali ya pamoja linataka kura za robo tatu kwenye mkutano mkuu. Mlango mpya kwenye ukuta wa mbele, ngazi za kushuka chini, shimo la dirisha kwenye bustani ya pamoja: vyote vihesabu humo mpaka uambiwe vinginevyo.

Robo tatu hiyo ni ya kura zilizopigwa. Chukua strata ya yuniti 40, kila moja kura 1. Akidi ni theluthi, yaani kura 14, pamoja na za uwakilishi. Wakifika 18 na 2 wasipige kura, zimepigwa 16, na unahitaji 12. Usihangaike kuwashawishi watu 40. Hangaika na wale wanaokuja mkutanoni kila mwaka, na kwa wasiokuja omba fomu ya uwakilishi mapema. Wanaokuja bila kujua jambo lako ndio watakaolikataa; kupiga kura ya hapana ni rahisi kuliko kusoma mchoro ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki. Kama hutaki kusubiri mkutano wa mwaka, saini za wenye asilimia 20 ya kura zinatosha kuitisha mkutano maalumu, na strata inatakiwa kuufanya ndani ya wiki 4.

Kamati ikikaa kimya, usiandike barua ya tatu. Omba kusikilizwa, kwa maandishi, ukieleza sababu. Wanatakiwa wakusikilize ndani ya wiki 4, na kama uliomba uamuzi, wakupe kwa maandishi ndani ya wiki 1 baada ya hapo. Uamuzi usio wa haki unaupeleka Civil Resolution Tribunal, baraza linalofanya kazi zake mtandaoni na ambalo kwa migogoro ya strata halina ukomo wa kiasi cha fedha. Bila karatasi ya ombi na karatasi ya jibu, huko hutakuwa na la kuonyesha.

Manispaa na ujenzi

Piga simu idara ya mipango kabla ya ile ya majengo. Swali ni moja: kiwanja cha mradi huu kimepangiwa matumizi gani, na makazi ya pili yanaruhusiwa humo? Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023, ya kuruhusu makazi zaidi kwenye kiwanja kimoja, yalilenga maeneo yaliyokuwa ya nyumba moja au pacha. Miradi mingi ya nyumba za safu iko kwenye maeneo yenye masharti yake ya pekee, na wengine hukuta neno "hairuhusiwi" mstari wa kwanza. Vancouver ina kanuni zake za ujenzi, kwa hiyo usichukue ushauri wa mtu wa mji mwingine, kama Surrey, ukauhamishia huko.

Kwa kazi ndani ya strata, manispaa itataka barua ya idhini ya strata pamoja na maombi ya kibali cha ujenzi. Hapo ndipo unaona kwa nini strata imetangulia. Kazi za umeme, mabomba na gesi zina vibali vyake, na kwenye jengo la ukuta kwa ukuta waachie mafundi wenye leseni.

Kwa majengo ya kabla ya 1990, upimaji wa asbesto unatangulia nyundo. Sampuli zinachukuliwa kwenye jipsamu, lipu ya dari, vigae vya sakafu na gundi yake. Tangu tarehe 1 Januari 2024 wakandarasi wanaoiondoa wanatakiwa wawe na leseni. Vumbi likipita kwenye nafasi ya dari mpaka kwa jirani, mkopo wote wa ukarabati utaishia kulipa usafi.

Mkaguzi atakapokuja, atashika mambo yale yale. Kati ya makazi mawili kuwe na kizuizi cha moto na moshi. Kiwango chake kinategemea kama ving'ora vimeunganishwa pamoja, na kama kuna mfumo wa kunyunyiza maji. Ving'ora vya moshi viungwe ili kikilia cha chini, cha juu nacho kilie. Kila tundu la bomba na waya linalopita kwenye kizuizi hicho lizibwe kwa dawa ya kuzuia moto. Povu la kawaida la dukani halikubaliki, na ndilo kosa linaloturudisha nyuma mara nyingi kuliko mengine. Usifunge jipsamu kabla ya ukaguzi wa ndani ya ukuta, utaibomoa.

Kisha dirisha la kutokea la chumba cha kulala. Linatakiwa lifunguke kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa, uwazi wake usipungue mita za mraba 0.35, na upande wowote usipungue milimita 380. Chukua futi upime uwazi wenyewe, usipime fremu. Dirisha la kuteleza la sentimita 120 kwa 60 linaonekana kubwa ukiwa umesimama chumbani. Lakini linafunguka nusu tu, na ukitoa fremu unabaki na kama 55 kwa 55, yaani mita za mraba 0.30. Limefeli. La kufunguka kama mlango, lenye uwazi wa 60 kwa 60, linapita kwa 0.36. Likifungukia kwenye shimo lililochimbwa nje, mbele yake kuwe na nafasi ya milimita 760. Kumbuka kwamba kulibadilisha dirisha hilo ni kugusa sura ya nje, kwa hiyo unarudi kwenye kura ya strata. Pima dirisha wiki ya kwanza.

Bima, benki na kodi. Bima ya strata inabeba jengo na vitu alivyofunga mjenzi wa kwanza. Jiko jipya na bafu jipya ni maboresho yako, yaongeze kwenye bima yako binafsi, na umwambie wakala kwamba kuna mpangaji. Isome hati ya mkopo wa nyumba uone kama benki inataka taarifa. Upande wa kodi ya serikali, mapato ya pango yanaripotiwa kwenye fomu T776, na kubadilisha muundo wa nyumba ili kupata makazi tofauti kunaweza kuondoa sehemu hiyo kwenye msamaha wa faida ya mauzo ya makazi yako makuu. Muone mhasibu kabla ya ujenzi, usingoje siku ya kuuza.

Mpangaji anapoingia

Kabla hajasaini mkataba, mpe kanuni za sasa za strata pamoja na Fomu K, taarifa ya wajibu wa mpangaji. Atie saini, kisha nakala uifikishe kwa strata ndani ya wiki 2 tangu umpangishe. Usipompa, kanuni bado zinambana, lakini ndani ya siku 90 tangu ajue anaweza kuvunja mkataba bila adhabu, na wewe ukamlipia gharama za kuhama mpaka kiasi cha kodi ya mwezi 1. Fomu ya ukurasa mmoja, hasara ya mwezi.

Amana haizidi nusu ya kodi ya mwezi, na nusu nyingine kama ana mnyama. Fanyeni ukaguzi wa kuingia pamoja na muandike. Bila hiyo unapoteza haki ya kukata amana kwa uharibifu. Kodi inapanda mara moja kwa miezi 12, kwa notisi ya miezi 3 kamili na kwa asilimia isiyozidi iliyotangazwa na jimbo kwa mwaka huo: ilikuwa 3.5 kwa mwaka 2024 na 3 kwa 2025.

Faini za strata kwa kelele au gari la mpangaji zinafika dola 200 kwa kosa na zinaweza kurudiwa kila siku 7. Kwa upangishaji wa muda mfupi ni mpaka dola 1,000 kwa siku. Sheria ya jimbo inaruhusu kupangisha wageni wa chini ya siku 90 kwenye makazi yako makuu na makazi ya pili mamoja, lakini strata inaweza kuukataza kabisa, na nyingi zimeukataza.

Kama hesabu yako inahitaji tu mtu wa kuchangia mkopo, kuna njia isiyopita kwenye mlolongo huu: mpangaji wa chumba anayetumia jiko au bafu pamoja nawe. Hapo hakuna jiko la pili la kujenga, na sheria ya upangaji wa makazi haihusiki pale mwenye nyumba anaposhiriki jiko au bafu na mpangaji. Angalia tu idadi ya wakazi kwenye kanuni za strata.

Na kama umenunua nyumba ukakuta makazi ya pili tayari yapo, omba Fomu B. Hutoka ndani ya wiki 1, kwa ada isiyozidi dola 35 na senti 25 kwa ukurasa. Kisha muulize karani wa manispaa kama kibali kilifungwa kwa ukaguzi wa mwisho. Fomu ikiwa haitaji makubaliano yoyote ya mabadiliko na manispaa haina kibali, strata inaweza kukudai wewe uirudishe ilivyokuwa, ingawa aliyeijenga ameshahama. Usilipie matangazo ya kupangisha kabla karatasi hizo mbili hazijalingana.